Sura ya Saba: Kushuka Muganza

Picha ya Rwanda iliyomo vichwani mwa wageni wengi ni ya milima: Kigali juu ya vilima vyake, gorila wa Virunga, ukungu wa msitu wa Nyungwe na baridi inayomlazimisha mtu kuvaa sweta saa sita mchana. Muganza haimo katika picha hiyo. Huku kuna joto, nchi ni tambarare, mpunga umejaa majarubani, na sokoni salamu ya Kiswahili haimshangazi mtu. Ni moja ya kata 18 za Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi, sehemu ambayo watu wazima wanaendelea kuiita Cyangugu, jina la mkoa wa zamani uliofutwa na mageuzi ya utawala ya mwaka 2006.

Kutoka Kamembe, ulipo uwanja wa ndege wa wilaya, barabara huelekea kusini na kuteremka sehemu kubwa ya njia. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mto Rusizi, unaotoka ziwani na kukimbilia Tanganyika, ukifika uwanda wa Bugarama umekwisha kushuka hadi mita 950 hivi, na hapo ndipo mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Mteremko huo mwili huujua mapema: sweta linavuliwa, madirisha ya basi yanafunguliwa, na wauza maji ya kunywa wanaanza kupata wateja.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya msafiri wa Kiswahili: mfanyabiashara wa Kigoma, mwalimu wa Mombasa, kijana wa Kampala anayetaka kuijua Rwanda mbali na barabara za Kigali. Vitabu vingi vya watalii huipa kona hii aya moja, kisha hukimbilia msituni. Mimi naona ndiyo kona ya Rwanda inayomfaa zaidi mtu wetu, kwa kuwa anaingia na lugha ya mahali mdomoni. Lakini lugha peke yake haivushi mtu mpaka, haimkingi na malaria, na haimwambii ni lini anyamaze. Mambo hayo ndiyo yaliyomo humu.

Nchi yenyewe

Zamani za kale maji ya Kivu yalikuwa yakienda kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliziba njia hiyo. Ziwa likajaa, likapanda, hadi maji yakapata upenyo upande wa kusini, na hivyo ukazaliwa mto Rusizi unaoyaunganisha maziwa mawili. Uwanda wa Bugarama, ambamo Muganza imo, ni sehemu ya sakafu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Sakafu hiyo bado ina uhai. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Rusizi, Nyamasheke na mji wa Bukavu upande wa Kongo, likaua watu na kuangusha majengo. Mgeni anayelala huku ajue mlango wa kutokea uko wapi, na asitundike wala kuegemeza kitu kizito juu ya kitanda.

Kutoka katika mipasuko ya ardhi hiyo hiyo hutoka maji ya moto. Chemchemi za Amashyuza ziko Nyakabuye, kata jirani, na kwa miaka mingi watu wamekwenda kuoga huko wakitafuta nafuu ya viungo na mgongo. Maji hayo hupanda yakiwa yamebeba chokaa, na yanapopoa juu ya ardhi huiacha chokaa ile ikigeuka jiwe. Jiwe hilo, travatini, ndilo limekuwa malighafi ya kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichopo Muganza. Yaani chemchemi na kiwanda ni ndugu wa mama mmoja, ingawa mmoja anafuatwa na wazee wenye magoti mabovu na mwingine na malori.

Cimerwa kilijengwa kwa msaada wa China na kuanza kutoa saruji mwaka 1984. Baadaye kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 51 ya hisa, mtambo mpya wenye uwezo wa kutoa tani 600,000 kwa mwaka ukazinduliwa 2015, na mwaka 2024 hisa hizo zikahamia kwa kampuni ya Kenya ya National Cement, ya kundi la Devki. Kwa hiyo Mkenya anayeshuka hapa asishangae kukutana na mwenzake mwenye kofia ngumu ya kiwandani. Kwa mgeni wa kawaida kiwanda kina maana mbili. Kwanza, barabara ina malori mazito mchana na usiku. Ukiendesha, usilipite lori kwenye kona hata kama linatambaa. Pili, nyumba za wageni hujaa mafundi na madereva, kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka Kamembe.

Ukienda Amashyuza, waulize wakazi wa Nyakabuye hali ya maji kabla ya kuingia. Maji ya ardhini hubadili njia, kina hakilingani kila mahali, na mawe yenye chokaa huteleza. Usiogelee peke yako, na ukiwa na kidonda kibichi baki ukingoni. Mwenye moyo wa kutembea kwa miguu anaweza kuendelea hadi Cyamudongo, kipande kidogo cha msitu kilichozungukwa na mashamba, ambacho ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe na kina sokwe wake. Huko huendi bila mwongozaji wala bila kulipia hifadhi. Nyungwe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, na walinzi wake hawana mzaha.

Mpunga

Kama una saa mbili tu Muganza, zitumie shambani. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilianza kushika mizizi Rwanda miaka ya 1960 kwa msaada wa wataalamu kutoka Taiwan, na Bugarama, kwa joto lake na maji ya mto Rubyiro, ikawa moja ya maghala ya mchele wa nchi. Wakulima wako katika vyama vya ushirika. Maji hugawanywa kwa zamu, mfereji kwa mfereji, na anayefungulia maji nje ya zamu yake anatafuta ugomvi.

Nenda asubuhi, kabla jua halijakaza. Utapita juu ya matuta membamba yanayotenga majaruba, upana wa unyayo na nusu. Ukikutana na mama mwenye gunia kichwani, wewe ndiye unayeshuka pembeni, yeye hawezi. Mpunga unapotoa masuke utasikia kelele kabla ya kuona mtu: vijana waliosimama kati ya mashamba wakipiga madebe, wakipayuka, wakirusha madonge ya tope kuwafukuza ndege. Kazi hiyo huanza alfajiri na kwisha giza linapoingia, kila siku, kwa wiki kadhaa, kwa sababu kundi la ndege likitua asubuhi moja bila mlinzi, mavuno ya msimu yamekwenda. Ukipita msimu wa kuvuna utaukuta mpunga umeanikwa kwenye maturubai na sakafu za saruji, wanawake wakiugeuza kwa miguu, mstari baada ya mstari. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukiomba kwa Kiswahili, mara nyingi utapewa ruhusa pamoja na maelezo marefu ya bei ya mbolea.

Usivue viatu kuingia majini. Maji ya majaruba yana konokono wanaobeba kichocho, na wakulima wenyewe wanaugua kwa sababu hawana namna ya kuyakwepa. Wewe unayo.

Mchele ununue hapa hapa, karibu na mashine ya kukoboa. Utakuwa mpya, na pesa yako itabaki kijijini.

Lugha

Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uwanda wa Bugarama haukungoja sheria. Mpaka wa Kongo uko ng'ambo ya mto, jamii ya Waislamu hapa ni kubwa, na biashara ya miaka mingi imeyazoesha masikio ya watu Kiswahili. Kiswahili chenyewe kina ladha ya Bukavu: viambishi vinapunguzwa, maneno ya Kifaransa yanaingia. Usiwasahihishe watu. Ongea chako, wataelewa, na baada ya siku mbili utaelewa chao.

Hata hivyo anza na Kinyarwanda. Asubuhi sema "mwaramutse", mchana na jioni "mwiriwe", ukishukuru "murakoze". Kwa mzee, mwalimu au askari, salamu ya Kinyarwanda kwanza na Kiswahili baadaye hufungua uso. Mama mtu mzima mwite mama, mzee mwite mzee, na uwape mikono miwili au mkono mmoja huku wa pili ukigusa kiwiko. Ofisini, kijana aliyesoma karibuni atakuwa na Kiingereza, na aliyesoma kabla ya 1994 huenda ana Kifaransa.

Karatasi na mipaka

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Mkenya na Mganda wanaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mpango huo wa nchi tatu ulianza 2014, na Tanzania haimo, kwa hiyo Mtanzania aje na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza. Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza pia kwamba raia wa nchi yoyote ya Afrika ataingia bila kulipa viza. Mgeni wa kutoka mbali anayetaka kuunganisha Kenya, Uganda na Rwanda katika safari moja aombe viza ya pamoja ya utalii. Kila mtu abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hata kama safari hii hakuna aliyekiuliza.

Muganza iko karibu na mipaka miwili ya nchi. Upande wa magharibi kuna Kamanyola ya Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Upande wa kusini kuna Burundi, ng'ambo ya mto Ruhwa. Na mahali Ruhwa inapoingia Rusizi ndipo nchi tatu zinapokutana. Ukitoka Kamembe kwenda Bukavu kuna vivuko vingine viwili, Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili. Miaka ya amani watu hapa walivuka kwenda sokoni, harusini na hospitalini kama mtu wa Kariakoo anavyokwenda Ilala.

Miaka hii si hivyo. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na vita vya Kivu Kusini vimewasukuma watu wengi kuvuka mto kutafuta usalama. Kivuko kilichokuwa wazi jana kinaweza kufungwa leo. Sheria yangu ni hii: usipange safari ambayo haiwezi kukamilika bila kuvuka mpaka wa Bugarama. Njoo Muganza kwa ajili ya Muganza. Ukitaka kuvuka, uliza ofisi ya uhamiaji siku ile ile, uliza na ubalozi wako, kisha usikilize wanachosema madereva, kwa kuwa habari huwafikia mapema.

Wakazi wa mpakani huvuka kwa karatasi maalum za jirani. Hizo si zako. Wala usikubali mtu akuoneshe njia ya mkato mtoni, hata akikuapia kwamba anapita kila siku. Yeye ana ndugu pande zote mbili, wewe una pasipoti isiyo na muhuri. Daraja, askari, kambi na ofisi za mpakani usivipige picha. Ndege isiyo na rubani iache nyumbani kama huna kibali.

Kwenye ukaguzi, mifuko ya plastiki itatolewa kwenye mzigo wako. Rwanda iliipiga marufuku 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Anayetoka Bujumbura au Bukavu na dagaa ndani ya mfuko wa plastiki ataachwa na dagaa mkononi. Beba vikapu na mifuko ya kitambaa.

Saa, siku na barabara

Saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja. Burundi na Kongo ya mashariki zinafuata saa ile ile ya Rwanda. Abiria wa kutoka mipaka ya Rusumo au Gatuna wasiorudisha saa nyuma hufika stendi mapema, hilo si baya. Wanaorudi kwao bila kuisogeza mbele ndio wanaoachwa. Ofisi za serikali, tangu Januari 2023, hufunguliwa saa tatu asubuhi.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi za jamii, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano. Maduka hufungwa na magari karibu yote husimama. Usipange kusafiri asubuhi hiyo. Ukiwa Muganza, shika jembe uende nao: watazibua mfereji au kutengeneza njia, kisha wataketi kusikiliza matangazo ya kata. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kujulikana na majirani.

Kutoka Kigali kuna njia mbili. Basi kutoka stendi ya Nyabugogo hupita Huye na kukatiza Nyungwe, safari ya saa sita hivi kama hakuna maporomoko ya udongo. Mabasi ya Rwanda huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, gari likiwa limejaa au halijajaa. Mwenye uwezo hupanda ndege ya RwandAir hadi Kamembe, muda usiofika saa moja. Kutoka Kamembe kuna mabasi madogo ya kushuka Bugarama, na kutoka hapo ni moto, yaani pikipiki. Moto hubeba abiria mmoja tu, na dereva ana kofia ya pili kwa ajili yako. Ivae na uifunge. Baiskeli za abiria nazo zipo, na kwenye nchi tambarare kama hii ndizo bora.

Anayeendesha gari lake akumbuke kwamba Rwanda ni upande wa kulia wa barabara. Kando ya njia kuna kamera za kupima mwendo ambazo wenyeji wamezipa jina la Sofia. Faini ya Sofia huingia kwenye mtandao wa serikali na haina mjadala. Na hilo linanikumbusha jambo kubwa zaidi: usijaribu kumpa askari "kitu kidogo". Watu wetu wengi wametoka katika nchi ambako hiyo ni desturi. Hapa ni kesi.

Mwili na mfuko

Malaria ndiyo hatari ya kwanza ya Muganza, kubwa kuliko vita na kuliko barabara. Ukanda huu ni wa chini, una joto, una maji yaliyosimama mwaka mzima. Aliyetoka Kigali au Musanze, ambako mbu ni wachache, hujisahau. Lala ndani ya chandarua, uliza kama kipo kabla hujalipa chumba, kikague kama hakina tundu, na kikiwa kimetoboka kishone kwa sindano na uzi. Jioni vaa mikono mirefu. Homa ikikushika ukiwa hapa au wiki mbili baada ya kurudi kwenu, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo na umwambie mganga kwamba ulikuwa Bugarama. Vituo vya afya vipo kwenye kata, na hospitali ya kanda hii ni Mibilizi. Nyingine ni Gihundwe, kule Kamembe.

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na nyingine Septemba hadi Desemba. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, ndiyo miezi mizuri ya kuja, ingawa vumbi ni la kutosha. Maji ya kunywa chemsha au nunua.

Pesa ni faranga. Noti kubwa kabisa ni ya 5,000, kwa hiyo mwenye kununua mchele wa gunia atabeba bunda. Watu wengi hulipana kwa simu; nunua laini kwa pasipoti yako Kamembe na ufungue akaunti ya pesa hapo hapo. Dola badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, sio kwa kijana wa mpakani.

Chakula hakitakusumbua. Ugali wa muhogo, maharage, isombe, ambayo ni kisamvu chetu, wali wa Bugarama, mishikaki ya mbuzi, na maziwa mgando wanayoyaita ikivuguto. Pilipili ya mafuta iitwayo Akabanga huja katika kichupa kidogo chenye mdomo wa kudondosha. Dondosha matone mawili, onja, kisha amua.

Mahali pa kunyamaza

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika hapa kwa ukatili ule ule wa nchi nzima. Watu walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, mjini Cyangugu, na wengi walichukuliwa humo wasirudi. Walionusurika walirundikwa kambini Nyarushishi. Waliokimbilia parokia za Shangi na Mibilizi walifuatwa na kuuawa humo. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi, mkulima na mfanyabiashara wa Bugarama, kwa kuongoza washambuliaji huko Shangi tarehe 29 Aprili na Mibilizi tarehe 30 Aprili 1994. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Nayataja haya katika kitabu cha safari kwa sababu mgeni anapita barabara hizo hizo, na mtu anayemuuzia ndizi huenda ndiye pekee aliyebaki katika nyumba yao.

Kwa hiyo usimuulize mtu kabila lake. Si suala la adabu tu; Rwanda imeliondoa swali hilo katika maisha ya umma, na kukanusha au kupunguza uzito wa mauaji yale ni kosa la jinai. Mtu akikusimulia mwenyewe, msikilize bila kumlinganishia na misiba ya kwenu. Wiki ya maombolezo huanza tarehe 7 Aprili, na kumbukumbu huendelea kwa siku 100 hadi Julai. Wiki ile ya kwanza hakuna muziki wa baa, hakuna harusi, na mchana watu wako kwenye mikutano ya kumbukumbu. Ukiwepo, nenda nao, ukae nyuma. Kwenye makaburi ya kumbukumbu usipige picha ndani, na uvae kama unavyovaa msibani.

Siku moja kisiwani

Baada ya joto la uwanda, panda tena hadi ziwani uvuke kwenda Nkombo. Ni kata ya Rusizi kama Muganza, ila imezungukwa na maji. Wenyeji wana lugha yao, Kihavu, inayosemwa pia kisiwani Idjwi na ng'ambo ya ziwa, na kwa muda mrefu walikuwa karibu zaidi na Wakongo kuliko na watu wa Kigali. Kiswahili kitakufaa.

Nkombo inaishi kwa sambaza. Samaki hawa wadogo hawakuwa wa Kivu. Walichukuliwa Tanganyika na kupandikizwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana hadi wakawa kitoweo cha pande zote za ziwa. Jioni huondoka mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu kati yake, taa mbele, na wavuvi wakipiga makasia kwa kuimba ili mikono iende pamoja. Alfajiri hurudi, na sambaza hukaangwa wakiwa bado wabichi kabisa, wanaliwa wazima na kichwa. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaane. Ukija wakati huo usilazimishe. Anayekuletea sambaza kipindi hicho anavunja sheria, na wewe pamoja naye.

Panda boti lenye majaketi ya kuokolea, uvae la kwako kabla ya kuondoka ufukweni, na urudi kabla upepo wa alasiri haujaanza kuinua mawimbi. Ziwani hamna mamba wala viboko, na hilo huwafanya wageni warukie maji. Lakini kichocho kipo Nkombo pia. Kaa botini. Peleka madaftari na kalamu uzikabidhi kwa mwalimu mkuu wa shule, usiwagawie watoto njiani.

Jioni rudi ulale Muganza badala ya Kamembe. Hoteli za mjini zina mandhari ya ziwa na hazikosi wateja. Nyumba ya wageni ya uwandani inamtegemea mgeni kama wewe. Kabla ya kuzima simu, andika namba hizi kwenye karatasi uitie mfukoni, maana chaji huisha: polisi ni 112, ajali ya barabarani 113, gari la wagonjwa 912. Namba zote tatu ni za bure.